Niliuziwa mtoto wa mbwa mgonjwa, sasa muuzaji anataka kunibadilishia

Habari yako mshauri,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na pia aibu kidogo, kwa sababu nyumbani naambiwa kelele zote hizi ni za mbwa tu.

Naishi Utawala na mume wangu na mwanetu Imani, ambaye ana miaka tisa. Mapema mwaka huu wezi waliruka ukuta wakabeba mtungi wa gesi na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba. Tukaamua kufuga mbwa, na Imani akasisitiza awe German Shepherd.

Nilimpata muuzaji mtandaoni. Picha zake zilivutia, mama mbwa amesimama kwenye nyasi, masikio wima. Nilimuuliza maswali kwa WhatsApp naye akajibu bila kusita: wana wiki nane, wamepata chanjo ya kwanza, wamepewa dawa ya minyoo. Bei ni shilingi 30,000. Zilikuwa pesa zangu za chama. Nilituma 5,000 anishikie mmoja, na Jumamosi nikamalizia 25,000. Nilitaka kwenda kwake nimwone mama, lakini alisema mvua imeharibu barabara, afadhali tukutane kwenye kituo cha mafuta Thika Road. Alikuja na katoni ya mafuta ya kupikia nyuma ya gari, na ndani alikuwemo Simba (Imani alimpa jina kabla hata hajamwona), amejikunja juu ya gazeti. Nilimwona mdogo mno. Nilipomwambia muuzaji hivyo, alijibu kwamba akianza kula vizuri atafutuka. Akanipa kadi ya chanjo. Hatukumaliza dakika tano.

Jumatatu jioni Simba alikataa chakula. Jumanne alfajiri nilikuta ametapika povu la manjano, na kufikia saa nne alikuwa anaharisha damu. Harufu yake bado iko puani mwangu. Daktari wa mifugo alipima kinyesi kwa kile kifaa kidogo kinachofanana na cha kupima mimba, mistari miwili ikatokea. Parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Simba alilazwa siku nne akiwa kwenye dripu, na mguu wake wa mbele ulikuwa mwembamba kiasi kwamba sindano ilibidi ifungwe kwa plasta mara tatu. Nililipa 21,500. Kwa neema ya Mungu alipona. Amerudi nyumbani, anakula uji wa kuku, na Imani hataki kwenda shule.

Kuna jambo lingine. Daktari alipomfungua mdomo na kuhesabu meno, aliniambia huyu hajafika wiki nane, ni wiki tano hivi, zikizidi ni sita. Nikamwonyesha kadi. Tarehe ya kuzaliwa, chanjo na dawa ya minyoo, vyote vimeandikwa kwa biro moja na mwandiko mmoja. Hakuna stika ya chupa ya chanjo, na pale pa muhuri pana sahihi isiyosomeka.

Nilimpigia muuzaji. Kwanza alisema nilimpa maziwa ya ng'ombe. Halafu akasema nilimwogesha kwa maji baridi. Mwishowe akasema mbwa akishatoka mikononi mwake ni wangu, na hakuna kurudishiwa pesa. Nilipoendelea kumsumbua akanipa njia mbili: nichukue 5,000 yaishe, au nimrudishe Simba anipe ndugu yake "mwenye afya". Ndugu hao bado anawatangaza kwenye status yake hadi leo. Nikamwambia nitaweka kila kitu Facebook, naye akanitisha kwamba atanishtaki kwa kumharibia jina.

Mume wangu anasema nichukue 5,000 nisahau. Mimi nafikiria kumbadilisha, angalau nipate mbwa mzima. Nifanye nini?

Mama Imani, Utawala

*

Mama Imani,

Pole sana, na usione aibu. Ulimlipa mtu shilingi 30,000 akuletee mnyama wa umri fulani aliyechanjwa, na hukuletewa hicho. Angekuwa amekuuzia friji, hakuna mtu nyumbani ambaye angekwambia ni friji tu.

Nianze na la kubadilishiwa, kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza haraka. Usimrudishe Simba, wala usimpokee ndugu yake. Watoto hao walizaliwa pamoja, wakalala pamoja na kukanyaga kinyesi kimoja. Aliyebaki kule amekutana na virusi vilevile, hata kama leo anachezacheza. Na hata angekuwa mzima kabisa, angeingia kwenye nyumba ambayo siku chache zilizopita ilikuwa na kinyesi cha parvo sakafuni. Virusi hivi ni vigumu kufa. Kwenye udongo wenye kivuli vinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Kati yake na ndugu zake, Simba ndiye anayeweza kuishi kwenye ua wako leo bila hofu ya ugonjwa huu, maana mbwa aliyeugua parvo akapona hupata kinga ya muda mrefu. Ukimtoa huyo umlete mgeni, utajikuta tena na dripu, bili nyingine, na Imani akilia kwa mara ya pili. Na Simba akirudi kule, sioni mtu atakayemtunza mtoto wa mbwa aliyetoka tu kuugua wakati kuna wengine wanangoja wateja.

Sasa tuje kwa maneno ya muuzaji. Maziwa ya ng'ombe yanaweza kumharisha mtoto wa mbwa, ni kweli. Lakini hayawezi kufanya kipimo cha parvo kionyeshe mistari miwili, na maji baridi vilevile. Parvo ni virusi, na kutoka siku mbwa anapovipata hadi siku anapoanza kuumwa hupita kwa kawaida siku tatu hadi saba, mara nyingine zaidi. Wewe ulimpokea Jumamosi, na Jumatatu jioni alikuwa amekataa chakula. Hapo hesabu inajieleza. Simba alikuja na ugonjwa ndani ya ile katoni. Kwa hiyo shikilia Jumatatu jioni kuliko kitu kingine chochote. Kama ulimwandikia mtu siku hiyo, dada yako au mwalimu wa Imani, kwamba mbwa hali, hifadhi ujumbe huo. Kama ulipiga picha ya bakuli ambalo halijaguswa, simu yako imeandika saa.

Hata hivyo, lazima niwe mkweli kwako na kwake. Parvo peke yake haimfanyi mfugaji kuwa tapeli. Nimewahi kumwona mfugaji makini akipoteza watoto wanne wa mbwa kwa wiki moja, na alikuwa amewachanja. Mtoto wa mbwa hupata kinga kutoka kwa maziwa ya mama, na kinga hiyo inaweza kuzuia chanjo isishike. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, na katikati hapo kuna pengo ambalo virusi huingilia. Simba angekuwa kweli na wiki nane, na kadi yake ina stika na muhuri wa daktari, ningekushauri uzungumze na mtu huyo polepole, mgawane gharama.

Kilichonibadilisha mawazo ni ile kadi. Hebu irudie mbele yako. Mtoto wa mbwa akifika wiki nane, kwa kawaida meno yake ya utotoni yote 28 yametoka. Ya Simba hayajatimia, na daktari amemkadiria wiki tano au sita. Kama kadi inasema alichanjwa akiwa na wiki sita, yaani wiki mbili kabla ya kukufikia, basi kwa umri wake halisi angekuwa amechanjwa akiwa na wiki tatu au nne, akiwa bado kwenye ziwa la mama. Daktari hachanji hivyo kwa kawaida. Na daktari akichanja, hubandika stika inayotoka kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo, akapiga muhuri wake. Hiyo yako ni kadi ya kununua dukani na biro. Swali moja tu litamweka mtu wako pagumu: aliyemchanja ni daktari gani? Muulize kwa maandishi. Akikupa jina, liangalie kwenye orodha ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ambayo ndiyo inayosajili madaktari hao. Akikataa kukupa, kukataa huko nako ni jibu, na litabaki kwenye simu yako.

Kuhusu sheria, uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Mnyama ni bidhaa chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, na bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe "wiki nane, wamechanjwa." Hata akijitetea kwamba yeye si mfanyabiashara, ni mtu tu ambaye mbwa wake alizaa, maneno hayo bado yanamfunga. Na kama hii ni kazi yake ya kila mara, mzigo wake ni mzito zaidi: Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na kulipwa fidia akipata hasara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha masharti ya kujivua wajibu huo. "Hakuna kurudishiwa pesa" ni maneno yake tu, hayafuti haki yako.

Kwa sababu unamtaka Simba, usidai pesa zako zote kana kwamba unamrudisha. Hapo ndipo wengi hukosea, wanataka mbwa na bei nzima, mazungumzo yanavunjika. Dai matibabu yote, 21,500, pamoja na sehemu ya bei. Mimi ningeomba 10,000, kwa sababu ulilipia mtoto wa mbwa wa wiki nane aliyechanjwa ukaletewa kichanga asiye na chanjo. Moyoni mwako jua kwamba akilipa 21,500 mtamalizana. 5,000 usiipokee hata kama ametuma mwenyewe, na akituma mrudishie siku hiyohiyo ukimwandikia kwa nini, asije akasema mlimaliza.

Usimpigie tena simu. Maneno ya simu yanapotea, na wewe ukikasirika utasema usilotaka kulisema. Kwanza nenda kwa daktari akuandikie ripoti fupi: tarehe aliyomwona Simba, matokeo ya kipimo, umri aliokadiria na sababu yake, na maoni yake kuhusu ugonjwa ulianza lini. Chukua risiti zote. Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yale mawili na jina la aliyepokea. Piga picha za mazungumzo yenu yote ya WhatsApp, na za tangazo lake, leo hii, kabla hajafuta. Kisha mwandikie namna hii:

"Bwana, Jumamosi tarehe hii nilinunua kwako mtoto wa mbwa kwa shilingi 30,000. Uliniandikia kwamba ana wiki nane na amechanjwa. Jumatatu jioni aliugua. Jumanne daktari alithibitisha parvo, na amekadiria umri wake kuwa wiki tano hadi sita. Matibabu yamenigharimu 21,500. Naomba unilipe 31,500 ndani ya siku 14, na unitumie jina la daktari aliyemchanja. Sihitaji kubadilishiwa mbwa. Ripoti na risiti nimeziambatisha. Usipolipa nitapeleka madai yangu mahakamani."

Usiongeze neno. Usimwite mwizi, wala usimweleze jinsi Imani alivyolia, ingawa najua unatamani ajue.

Zikipita siku 14 kimya, kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, Nairobi. Ilianza kazi 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na hiyo ndiyo faida yake kwa mtu anayedai elfu thelathini. Jambo gumu ni kwamba hujui anakoishi, kwa kuwa mlikutana kwenye kituo cha mafuta. Lakini una namba yake na jina lililosajiliwa M-Pesa, na tangu 2020 kanuni za mahakama zinaruhusu hati kupelekwa kwa WhatsApp. Jaribu pia kujua mtaa wake kutoka kwa mtu mwingine aliyenunua kwake. Wengi wa aina yake hulipa wanapoona hati ya mahakama imeingia kwenye simu ileile waliyotangazia biashara.

Kama tangazo lake lilisema mbwa wana vyeti, uliza East Africa Kennel Club pale Jamhuri Park kama wazazi wamesajiliwa. Cheti chao kinahusu ukoo wa mbwa. Hakimhakikishii mtu afya, lakini kitakuonyesha kama alikudanganya mara mbili.

Facebook, ngoja. Vitisho vyake vya kukushtaki vina nguvu tu kama utaandika usiloweza kuthibitisha, na mtu mwenye hasira huandika "tapeli" na "muuaji" kabla hajafika mstari wa pili. Pia ukishamwaga kila kitu hadharani, hana tena sababu ya kukulipa. Lakini wale ndugu wa Simba wananinyima usingizi, na wewe pia nadhani. Kwa hiyo mtumie ujumbe wa pili, peke yake, usiouchanganya na pesa: mmoja wa watoto hawa amethibitishwa kuwa na parvo, wote walikuwa pamoja, tafadhali acha kuwauza mpaka daktari awaone. Sasa hawezi kusema hakujua. Akiendelea kuwatangaza siku mbili baadaye, wapigie KSPCA kule Karen, shirika linaloshughulikia ustawi wa wanyama, uwatumie kipimo na picha za tangazo. Na mtu akikuuliza ulinunua wapi mbwa, mweleze yaliyotokea kwa tarehe zake, bila matusi. Ukweli ulio na karatasi unaruhusiwa kuusema.

Sasa nyumba yako. Parvo ya mbwa haimwambukizi binadamu, kwa hiyo Imani yuko salama kwa upande huo. Minyoo ni habari nyingine. Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo kutoka kwa mama, na mayai yake yanaweza kumdhuru mtoto wa mtu. Simba apewe dawa ya minyoo na daktari, kwa ratiba atakayoandika, na Imani anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza kucheza naye, hasa kabla ya kula. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, isuuzwe, ndipo upitishe Jik, ile dawa ya klorini, iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha Jik kwa thelathini vya maji, uiache dakika kumi. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, na madirisha yawe wazi. Lile gazeti, katoni na tambara alilolalia, choma. Udongo wa uani huwezi kuuosha, jua tu ndilo litakalosaidia, kwa hiyo kata nyasi liufikie.

Simba bado anaweza kutoa virusi kwenye kinyesi chake kwa wiki kadhaa. Mweke ndani ya geti mwezi mzima, zoa kinyesi chake kila mara, na mweleze jirani mwenye mbwa ahakikishe wake wamechanjwa. Utaona haya kumwambia, lakini mwambie.

Chanjo zake aanze upya kama vile hajawahi kuchanjwa, maana sisi hatuna sababu ya kuamini vinginevyo. Kupona parvo hakumkingi na magonjwa mengine, na homa ya mbwa ya kushambulia ubongo ni mbaya kama hii. Daktari atakupa tarehe akishapata nguvu, na ya kichaa cha mbwa huwa ni akitimiza miezi mitatu. Hesabu miezi hiyo kwa umri alioukadiria daktari, si kwa ule wa kwenye kadi. Ile kadi ya zamani usiitupe wala usiandike chochote juu yake. Itie kwenye bahasha pamoja na risiti, utaihitaji Milimani.